Kupima maji kujaa na kupwa nyumbani Tudor

Dada, umesema mwanao anauliza wataalamu wanajuaje saa ya maji kujaa kesho, naye anataka kupima mwenyewe hapo Tudor, Mombasa. Usimzime, swali lake ni zuri mno.

Tabu ya kupima ni mawimbi. Tafuta bomba la plastiki linaloonyesha ndani, la mita 2. Liache wazi juu, ziba chini, utoboe tundu dogo kama la msumari, kisha lifunge wima kwenye nguzo ya gati pamoja na futi ya fundi. Nje wimbi linapiga, ndani maji yanapanda taratibu, yametulia. Vipimo vingi vya bandarini hutumia wazo hilohilo. Tundu letu lilizibwa na tope siku ya tatu, kwa hiyo likagueni.

Andikeni kila nusu saa. Mtaona maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kila siku, kama mwezi unavyochelewa kuchomoza. Wataalamu hutenganisha mvuto wa mwezi na wa jua, kisha hujumlisha ili kujua saa ya kesho. Mwanasayansi Kelvin aliundia kazi hiyo mashine miaka ya 1870.

Anzeni siku za maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, kujaa na kupwa hupishana zaidi ya mita 3 na hurudi kwa kasi, kwa hiyo mtoto asiende peke yake. Mkitaka kutoka na chombo, fuateni jedwali rasmi la maji kujaa na kupwa na mumuulize nahodha.