Gunia la kilo 80: ule ni uzito au tungamo?

Kuna ndugu yetu mmoja, karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima huko Lindi vijijini, kaniandikia hivi: "Mwalimu, mimi kila msimu wa korosho najaza daftari, safu ya tatu juu imeandikwa UZITO na chini yake naweka kilo 80, kilo 78 na nusu, hivyo hivyo mpaka jua linazama. Juzi mwanangu wa kidato cha kwanza kaliona akaniambia baba unakosea, uzito haupimwi kwa kilo, unapimwa kwa nyutoni, kilo ni za tungamo. Nikamuuliza tungamo ndo nini, akashindwa kunieleza. Sasa naomba kujua, nakosea? Na hilo tungamo ni Kiswahili kweli au wamelitunga tu?"

Kaka karani, hujakosea. Na kijana naye hajakosea, ila amelichukua neno la darasani akaja kukagulia daftari la ghalani, na neno lenyewe hili uzito lina kazi nyingi kuliko ile moja aliyofundishwa.

Hebu angalia tunavyolitumia kila siku. Uji mzito, mafuta mazito, moshi mzito, hapo hakuna anayezungumzia kilo, tunasema kitu kimeshikamana, uji haumwagiki kwa urahisi, moshi huoni upande wa pili. Usingizi mzito. Mzito wa kusikia. Jambo zito. Mjamzito, ambalo ukilikata vipande unapata mja aliye mzito, yaani mtu aliyebeba. Neno hili ni la Kibantu kabisa na lilikuwepo pwani hii kabla hajafika mtu yeyote na kilo yake, watu walikuwa wananyanyua mzigo wanasema huu mzito huu mwepesi na wanaelewana vizuri tu. Kilo zilipokuja zikakuta neno lipo, zikakaa humo humo, ndo maana tunasema mtoto kapimwa uzito kliniki ana kilo tisa na hakuna mtu anayeshangaa.

Fizikia yenyewe inataka maneno mawili kwa sababu inaona vitu viwili. Kimoja ni kiasi cha maada, yaani ile mali yenyewe iliyokiunda kitu, hicho ndo tungamo na kipimo chake ni kilo. Cha pili ni jinsi dunia inavyokivuta hicho kitu kuja chini, hiyo ni kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, na ndiyo wanayoiita uzito, kipimo chake nyutoni, kwa jina la Isaac Newton Mwingereza aliyechapisha kanuni zake za mwendo 1687. Usidhani huu mkanganyiko ni wa Waswahili peke yetu, hata huko Ulaya watu walichanganya mpaka mwaka 1901 ikabidi mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo, ule wa tatu, uliokaa Paris, utamke rasmi kwamba kilogramu ni kipimo cha tungamo na kwamba uzito ni kitu cha jamii ya kani. Hilo jina nyutoni lenyewe likaja kupitishwa na mkutano wa namna hiyo hiyo mwaka 1948. Kwa hiyo kijana wako anadai jambo ambalo wataalamu wenyewe liliwachukua miaka kulinyoosha.

Tuchukue gunia lako sasa. Hapa kwetu kusini kila kilo moja inavutwa na dunia kwa nyutoni 9.78 hivi, kwa hiyo gunia la kilo 80 lina uzito wa nyutoni kama 782 ukisema kidarasani. Ukilipeleka mwezini, ambako mvuto ni kama moja ya sita ya huu wa kwetu, uzito unashuka mpaka nyutoni 130 hivi, mtoto wa darasa la saba anaweza kulitikisa, lakini korosho ni zile zile, hakuna hata moja iliyodondoka njiani, tungamo bado kilo 80.

Huko mwezini ni mbali, chukua safari ya karibu zaidi. Dunia haina mvuto sawa kila mahali, imevimba kidogo kwenye ikweta, na kule kujizungusha kwake nako kunapunguza mvuto kwa watu wa huku wanaokaa karibu na ikweta. London ni kama nyutoni 9.81 kwa kila kilo. Kwa hiyo ukichukua mizani ya springi, ile ya kuning'iniza, ukaisahihisha vizuri hapa Mtwara, halafu ukaipakia melini pamoja na gunia lako la kilo 80 mpaka London bila kuigusa, kule itakusomea kilo 80 na karibu robo. Hakuna aliyeongeza korosho. Springi haijui kilo, springi inajua kuvutwa tu, na kule inavutwa zaidi kidogo. Lakini ile mizani ya chuma ya zamani ambayo unasogeza kijiwe kwenye mkono wake mpaka ulale sawa, hiyo itasoma 80 hapa, London na hata mwezini, kwa sababu inalinganisha kitu na kitu na vyote viwili vinavutwa sawa. Mizani za dijito nazo zinahisi msukumo kama springi, ndo maana zinatakiwa kusahihishwa kwa mawe ya kupimia pale pale zinapofanyia kazi. Mimi hapa ndo huwa naona raha ya haya maneno mawili, mizani mbili zipo ghala moja zinasoma namba moja kumbe ile ya springi inapima uzito wa darasani na ile ya kijiwe inapima tungamo.

Ila hayo ni ya mizani, na neno haliwezi kumkaa mtu kichwani kwa mizani peke yake. Mimi tungamo nililielewa Mikindani, huko pwani ya Mtwara, ndani ya maji, na sikuwa nasoma kitu. Mjomba alikuwa na mashua, maji yakijaa tunaingia mpaka kifuani tunaigeuza ielekee nje. Mashua inaelea, maji yameibeba yote, wewe huna hata kilo moja juu ya bega lako, kwa hiyo unasema hii nyepesi. Unaweka viganja kwenye mbao, mbao inateleza kwa mwani, unasukuma, haiendi. Unasukuma tena, miguu inazama kwenye mchanga badala ya mashua kuondoka, halafu taratiiibu inaanza, sentimita kwa sentimita, na ikishaanza sasa ole wako uwe umesimama kati yake na gati, maana kuisimamisha ni kazi ile ile uliyofanya kuiondoa au zaidi, mjomba alikuwa anapiga kelele toa mkono hapo toa mkono. Ule ubishi, wa kukataa kuondoka ikiwa imetulia na kukataa kusimama ikiwa inaenda, ndo tungamo lenyewe. Uzito umebebwa na maji, tungamo halibebwi na mtu. (Na nanga ni hivyo hivyo kwa upande mwingine, ukiivuta ikiwa bado majini unaona nyepesi, ikichomoza tu juu inakuwa nzito ghafla, tungamo lake halijabadilika, ni maji yaliyokuwa yanaisukuma juu ndo yameacha.)

Sasa swali lako la pili, kama ni Kiswahili au wametunga. Yote mawili, na sioni ubaya. Mzizi ni wa kwetu, kitenzi kutungama, damu ikitoka kwenye kidonda baada ya muda inatungama, inashikana inakuwa donge. Waliotafuta istilahi za sayansi wakachukua hicho kitenzi wakakipa o mwishoni kama tunavyofanya siku zote, tangaza tangazo, tatiza tatizo, tungama tungamo. Maana yake sasa ni kile kilichoshikana kikawa kitu, bila kujali nani anakivuta. Mimi nalipenda sana hili neno kwa sababu mtu aliyewahi kuona damu ikiganda anaanza kulielewa kabla hajaelezwa. Wapo wanaosema masi, nalo lipo vitabuni na halina kosa, ila masi halimwambii kitu mtu ambaye hajasoma Kiingereza, tungamo linamwambia nusu ya habari. Kwenye ngeli mimi naliweka li-ya, tungamo hili, matungamo haya, tungamo la gunia.

Kuna mtu atauliza na uzani je. Uzani ni ndugu wa mizani, yote yanatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wa kupima. Wakenya wanalitumia sana kwenye ngumi, mabondia wa uzani mzito, sisi huku mara nyingi tunasema uzito wa juu. Ni neno zuri la kupimia lakini halitusaidii kwenye hili swali, maana nalo linaangukia kilo na mvuto vyote kwa pamoja.

Turudi kwenye daftari. Hiyo safu ya UZITO iache kama ilivyo. Mkulima aliyepanga foleni tangu alfajiri anataka kuona neno analolijua, ukimwandikia TUNGAMO atadhani umemkata kitu kingine tena, na kwenye biashara uzito kwa kilo ni matumizi sahihi ya Kiswahili, sio ya mtaani tu, yapo kwenye vifungashio na kwenye risiti. Ninachokiona mimi ni kosa ni kuvichanganya kwenye sentensi moja ya kisayansi, mtu anaandika "uzito wa jiwe haubadiliki popote duniani", hapo lazima useme tungamo, maana uzito unabadilika kama tulivyoona na ile springi. Au "tungamo lake ni nyutoni 50", hiyo nayo haipo. Ukiwa unaeleza sayansi, kilo zifuatane na tungamo, nyutoni zifuatane na uzito. Ukiwa ghalani, sokoni, kliniki, uzito kwa kilo na mambo yanaenda. Kwa sentensi ambazo huna uhakika jiulize tu, hiki ninachokisema kingebaki vile vile mwezini? Kama ndiyo, ni tungamo.

Halafu huyo kijana, usimkatishe tamaa. Shule ya msingi alisoma sayansi kwa Kiswahili, sasa sekondari fizikia anaisoma kwa Kiingereza, akirudi nyumbani hana neno la kukupa wewe baba yake, na ndo maana alishindwa kukueleza ingawa darasani labda kapata alama zote. Jumamosi mchukulieni madumu mawili ya lita 20, moja tupu na moja lijazeni maji, hapo lina kama kilo 20 za maji, myafunge kamba kwenye tawi nene la mkorosho yaning'inie bila kugusa chini. Kamba zimebeba uzito wote. Mwambie ayasukume kwa kidole kimoja, pembeni sio juu, kwanza lile tupu halafu lile lililojaa. Likishaanza kubembea lile lililojaa mwambie alisimamishe kwa kidole hicho hicho. Kisha muulize kidole chake kimekutana na nini, na msubiri alitaje mwenyewe kwa Kiswahili.