Leo ni Tarehe Ngapi? Ushauri kwa Anayetaka Mazungumzo Yarudi Nyumbani Jioni

Chukua tarehe 12 Aprili. Kwenye kalenda ya ukutani ni siku isiyo na rangi nyekundu. Watu wanakwenda kazini, sokoni wanabishana bei ya nyanya, jioni wanarudi wamechoka. Lakini tarehe hiyo, mwaka 1961, Yuri Gagarin alikuwa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, akaizunguka dunia na kurudi salama kwa muda wa dakika 108. Tarehe hiyohiyo mwaka 1984, Waziri Mkuu wetu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Nyumbani kwangu Tanga tuna desturi ya kuulizana, baada ya chai ya jioni, leo ni tarehe ngapi na tarehe hii kulitokea nini. Nimeishi na desturi hii kwa muda mrefu, na marafiki wananiuliza inakuwaje watoto wanakaa mkekani kusikiliza wakati simu ziko karibu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote: tafuta tarehe ambayo kuna mtu nyumbani, au jirani, aliyeiishi. Ile jioni ya 12 Aprili nilianza na Gagarin kwa sababu watoto wanapenda habari za roketi. Walisikiliza, wakauliza alikula nini huko juu, basi. Baba mdogo alikuwa barazani na kahawa yake, hajasema neno. Nilipofika kwa Sokoine akaweka kikombe chini. Akasema yeye siku hiyo alikuwa Korogwe, kijana, na mtaa mzima ulijaa kwenye nyumba moja kwa sababu ndiyo iliyokuwa na redio yenye betri nzima. Wakasikia sauti ya Mwalimu mwenyewe akitangaza msiba. Akaeleza wanawake walivyokaa chini palepale uani, na mwenye nyumba alivyoshindwa kuizima redio hata ilipokwisha kusema.

Kisha, bila kuulizwa, akarudi nyuma mwaka mmoja, kwenye msako wa wahujumu uchumi wa 1983 aliouongoza Sokoine. Akawaambia watoto kuhusu maduka yaliyokuwa na rafu tupu, foleni ya sukari iliyoanza kabla ya alfajiri, na watu waliokuwa wameficha bidhaa wakizitoa usiku na kuzitupa kwa kuogopa kukamatwa nazo. Binti yangu mdogo akadakia, "Babu, sabuni nzima wanaitupa?" Akajibiwa, "Nzima, mjukuu wangu, katoni nzima mtaroni, na sisi nyumbani tunafulia majivu." Mpaka leo mtoto huyo ukimtajia 1983 hakwambii habari za siasa. Anakwambia habari ya sabuni mtaroni, na kutoka hapo anaweza kukueleza kwa nini kulikuwa na msako. Gagarin peke yake asingetufikisha huko.

Kwa hiyo kabla ya kufungua intaneti, jiulize nani yuko karibu nawe na amezaliwa lini. Mwenye miaka hamsini na kitu anakumbuka vizuri alikuwa wapi tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London. Watu wa Mwanza na Bukoba hawahitaji kukumbushwa 21 Mei 1996, siku iliyozama MV Bukoba. Na ukimuuliza mzee, usimuulize "kulitokea nini", maana atakupa majibu ya shuleni. Muulize, "Ulikuwa wapi? Ulikuwa unafanya nini ulipopata habari?" Hapo ndipo mazungumzo yanapofunguka. Halafu andika. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, jina la msimuliaji, maneno yake. Nasisitiza hili kwa sababu wazee wetu wanaondoka na mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote.

Zipo pia zile siku za ajabuajabu ambazo watu huzicheka. Mimi nazipenda kwa dhati, na nakushauri uzitumie, kwa sharti moja: jua nani aliianzisha siku hiyo na alitaka nini. Tarehe 19 Novemba ni Siku ya Choo Duniani. Watoto wataangua kicheko, waache wacheke. Kisha waambie kwamba ilianzishwa na Jack Sim, mtu wa Singapore aliyeunda shirika la kutetea vyoo mwaka 2001, na kwamba Umoja wa Mataifa uliikubali rasmi mwaka 2013 kwa sababu ukosefu wa choo salama unaleta kipindupindu na kuua watoto. Baada ya hapo kuzungumza nao juu ya kunawa mikono na kumwaga maji chooni hakuhitaji ukali. Siku ya Mayai Duniani nayo, Ijumaa ya pili ya Oktoba, ilianzishwa na wenye biashara ya mayai mwaka 1996. Hakuna ubaya, yai ni chakula kizuri, lakini mtoto ajue kwamba siku nyingine zimewekwa na wauzaji ili tununue. Ni somo zuri kwake kabla hajaanza kushika pesa zake.

Inayonifurahisha zaidi ni 10 Februari, Siku ya Mikunde Duniani, iliyoanza kuadhimishwa 2019. Sisi watu wa pwani tunahitaji kukumbushwa mikunde kweli? Mbaazi za nazi ziko kila kona asubuhi. Lakini siku hiyo nawaweka watoto na ungo mmoja, nikichanganya humo kunde, choroko, mbaazi, dengu na maharage, kila mmoja ataje ni ipi na itenganishwe. Mikono midogo inachambua, wanabishana kama hii ni kunde au choroko, na mimi nawaeleza kwamba mizizi ya mimea hii ina vinundu wanamoishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea, ndiyo maana wakulima hupanda kunde katikati ya mahindi. Zikishachambuliwa zinakwenda jikoni. Hakuna gharama yoyote hapo, na sherehe imefanyika.

Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki. Imechaguliwa kwa heshima ya Anton Janša wa Slovenia, aliyefundisha ufugaji wa nyuki Vienna katika karne ya 18. Hapa pana kitu kidogo cha kuangalia: tarehe hiyo ya mwaka 1734 ni ya ubatizo wake, wala si ya kuzaliwa kama wengi wanavyoandika. Siku yenyewe ya kuzaliwa haijulikani. Kama mna asali ya Tabora nyumbani, itoeni siku hiyo, na waeleze watoto juu ya mizinga ya magogo inayotundikwa kwenye miti ya miombo.

Nimetaja la ubatizo kwa makusudi, kwa sababu uhakiki ndipo wengi tunapolegea. Kwenye makundi ya simu kila asubuhi zinatumwa habari za "leo katika historia", na nyingi zimenakiliwa bila kuangaliwa. Mimi sisemi kitu mbele ya watoto mpaka nimekiona sehemu mbili zisizonakiliana. Na vipo vyanzo vitatu vya mkanganyiko ambavyo ukivijua utapona.

Kuna mambo ya usiku. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, kwa hiyo usishangae mtu akikwambia ni tarehe 9. Wala msibishane. Ilikuwa safari iliyoanza siku moja na msiba uliofika siku ya pili.

Kuna kuhesabu tofauti. Vita ya Zanzibar ya 27 Agosti 1896 hutajwa kuwa vita fupi kuliko zote duniani. Utakuta imeandikwa dakika 38, kwingine 40, kwingine 45. Inategemea saa imeanza kuhesabiwa kwenye muda wa mwisho aliopewa Khalid bin Barghash kuondoka, yaani saa 3 kamili asubuhi, au kwenye mzinga wa kwanza, na imesimamishwa wapi. Mimi husema "chini ya saa moja" na kuendelea na jambo la maana zaidi: kwamba muda huo mfupi uliacha watu wapatao 500 upande wa Zanzibar wamekufa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza baharia mmoja tu alijeruhiwa. Habari hii husimuliwa mahali pengi kama kichekesho. Sisi tusiisimulie hivyo. Wale ni watu wetu, na kasri lilipigwa likiwa na watu ndani.

Na kuna kalenda zenyewe. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi huadhimishwa 7 Novemba, kwa sababu mwaka 1917 Warusi walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani. Waislamu tunajua hili vizuri kuliko wengi, maana mwezi wa Ramadhani unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi. Pwani yetu ilikuwa na hesabu ya tatu pia, mwaka wa jua wa siku 365 unaoanza kwa siku iitwayo Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima waliuhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi, ili kujua majira ya pepo na ya kupanda. Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, mwezi Julai, ndiyo mwaka mpya wa hesabu hiyo: wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya nyongeza, inasogea siku moja kila baada ya miaka minne. Kama una mtu wa Makunduchi karibu, tafadhali mkalishe chini akueleze. Nimewahi kusikia hesabu ya miongo kutoka kwa mzee mmoja mvuvi, na niliona aibu kwamba nchi nzima hatuifundishi.

Tarehe zenye mizigo miwili zinahitaji uangalifu wa namna yake. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Afya Duniani, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilianza siku hiyo mwaka 1948. Ni siku pia aliyouawa Sheikh Abeid Amani Karume, mwaka 1972. Na ndiyo siku Rwanda na dunia wanapoanza kukumbuka mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Siku kama hiyo chagua jambo moja. Nyumbani kwetu kuna jirani aliyekuja kutoka Rwanda, na 7 Aprili hatuchezi chemsha bongo. Tunampelekea chakula na kukaa naye. Kama anataka kusema, anasema.

Saba Saba ni tofauti, inabeba mengi bila kugombana. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954. Kenya, 7 Julai 1990, watu waliandamana kudai vyama vingi, baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kukamatwa kwa kuitisha mkutano uwanja wa Kamukunji. Na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ukiwa na shemeji au wifi Mkenya, siku hiyo ndiyo ya kumpigia simu, kila mmoja aeleze Saba Saba yake.

Na wenye watoto wanaokata tamaa upesi, shikeni 20 Oktoba. Wakenya wanaadhimisha Mashujaa, wakikumbuka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na kina Kenyatta wakakamatwa. Mwaka 1968, tarehe hiyohiyo, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico City, akaanguka njiani, goti likateguka. Alifungwa bandeji, akaendelea, akamaliza zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeshaingia na watu wengi uwanjani wameshaondoka. Wengine walioacha mbio siku ile hakuna anayewasimulia leo. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa amegoma kurudia mtihani, aliniomba nimsimulie mara ya pili, na kesho yake aliomba kalamu.

Usifanye kila siku, watoto watachoka. Siku ambayo hukupata kitu cha maana, kunyweni chai tu. Ukitaka pa kuanzia, kuna 3 Juni. Ni siku ya Mashahidi wa Uganda, ambao wengi wao walichomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na mahujaji huenda huko kwa miguu hata kutoka Kenya na Tanzania. Tangu 2018 ni Siku ya Baiskeli Duniani vilevile. Familia ya Kikatoliki itaanzia Namugongo. Wengine waanzie kwenye baiskeli: muulizeni mzee wenu baiskeli ya kwanza kuingia kwenye ukoo ilikuwa ya nani, na ilinunuliwa kwa pesa ya zao gani.