Nywele zinapopandikizwa, mizizi hupangwaje?

SWALI: Daktari, upara umeanza kunitambaa kwenye paji la uso, nami nafikiria kupandikizwa nywele. Mizizi hupangwaje ili nywele zisionekane za bandia?

JIBU: Kazi yote imo katika pembe na mpangilio, wala si katika wingi peke yake. Baada ya ganzi, daktari huchukua vishina vya nywele, yaani vipande vidogo vya ngozi vyenye mizizi, kutoka kisogoni, ambako kwa kawaida upara wa kurithi haufiki, kisha penye upara hutoboa vitundu vyenye upana wa takriban milimita 1, kila kimoja kikielekea upande ule ule zinakolalia nywele zilizosalia. Ukingoni mwa paji hupandwa vishina vyenye unywele mmoja mmoja, tena bila kufuata mstari ulionyooka, kwa sababu hakuna mtu aliyezaliwa na nywele zilizopigwa rula. Vyenye nywele 2 hadi 4 huwekwa nyuma yake. Kishina hushikwa kwa kibanio chembamba kwenye nyama inayouzunguka mzizi, kwani mzizi ukiminywa au ukikauka hufa. Nywele hizo zikipukutika wiki chache baadaye usiogope: mizizi imebaki ndani, na nywele mpya huanza kuchipua baada ya miezi 3 au 4.