Makao ya Watoto Yakifungwa, Mtoto Anakwenda Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja: serikali ya Kenya inaposema watoto watoke kwenye makao wakalelewe na familia, hilo linafanywaje? Tumejibu nne.

Kamati ya kanisa letu inafadhili makao yenye watoto thelathini. Tumesikia yote yatafungwa. Je, tuwarudishe kwao Desemba hii shule zikiwa zimefungwa? (Msomaji, Nakuru)

Msiwarudishe kwa mpigo mmoja. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi umepangiwa miaka kumi, 2022 hadi 2032. Kilichokwisha kuamuliwa ni kwamba usajili wa makao mapya ulisimamishwa Novemba 2017, na Sheria ya Watoto ya 2022 inayachukulia makao kuwa kimbilio la mwisho, tena la muda. Basi anzieni mlangoni: asipokelewe mtoto mpya bila afisa wa watoto wa kaunti ndogo kujua na bila kesi yake kufika Mahakama ya Watoto.

Kisha fungueni mafaili. Kuna makao ambayo karatasi pekee ya mtoto ni jina lake kwenye daftari la chakula. Kila mmoja awe na faili yenye cheti cha kuzaliwa, amri ya mahakama, aliyemleta na sababu, kadi ya kliniki, rekodi za shule na majina ya jamaa wote anaowataja. Kutafuta jamaa huanza na mtoto mwenyewe. Wa miaka sita hajui jina la lokesheni, lakini atakutajia steji waliyokuwa wakipandia matatu, rangi ya sare ya dada yake, jina la mchungaji, na mto wanakochota maji. Mpelekeeni chifu hayo.

Jamaa wakipatikana, ulizeni kwanza mtoto aliondoka kwa nini. Wengi walio kwenye makao wana mzazi hai; walipelekwa kwa sababu ya karo, njaa, ugonjwa, au baba wa kambo asiyewataka. Sababu hiyo ikiwa ingalipo, anayerudishwa Desemba na gunia la mahindi ataonekana mtaani kabla ya muhula wa kwanza kwisha, na safari hii atamkimbia hata afisa anayekuja kumsaidia. Mageuzi haya hukwama hapo zaidi kuliko kwenye sheria.

Mpango mzuri huenda hatua kwa hatua: simu, ziara ya mchana, kulala wikendi moja, likizo nzima, ndipo kuhamia. Baada ya kila hatua mtoto aongee na mfanyakazi wa jamii faraghani, ami wala nyanya asiwepo. Nyumbani angalieni atalala wapi, na nani, na watu wazima gani wengine wanalala humo. Uhamisho wa shule ukamilike kabla muhula haujaanza. Anayemeza dawa za ARV asiondoke kabla kliniki mpya haijapokea faili yake. Mtoto aliyerudi huwa mpole mno siku za kwanza, na vurugu huja wiki kadhaa baadaye, wakati wengi wameshaacha kumtembelea. Ziara ziwe za karibu karibu mwanzoni, kisha zipungue, lakini mwaka mmoja usipungue.

Pesa zilizokuwa zikilipa mpishi, mlinzi na stima zimfuate mtoto: karo, sare, mtaji mdogo wa mama, nauli ya mfanyakazi wa jamii. Wafadhili husita hapa, kwani bweni hupigwa picha na nauli haipigwi. Jengo lenyewe linaweza kuwa shule ya chekechea, zahanati au karakana ya vijana.

Watoto wawili wa marehemu kaka yangu wako kwenye makao Nairobi. Nataka kuwalea. Msimamizi ananidai gharama za miaka aliyowatunza. (Shangazi, Kakamega)

Shangazi, mtoto hawekwi rehani. Hakuna sheria inayoruhusu makao kumzuilia mtoto kwa deni, na ofisi ya watoto haitozi ada kwa kazi hii. Usianzie kwenye makao. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo unakoishi, na kitambulisho chako, cheti cha kifo cha kaka yako, vyeti vya watoto kama vipo, na barua ya chifu inayothibitisha undugu. Yeye atatembelea nyumba yako na kuwasiliana na mwenzake wa Nairobi. Kama watoto waliwekwa huko kwa amri ya mahakama, amri hiyo ibadilishwe mahakamani kwanza. Ukiwachukua bila hivyo unaweza kushtakiwa.

Kuhusu Inua Jamii, pesa ambazo serikali huzipa kaya zenye uhitaji: ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, hata watoto wakiwa wanne, na huingii siku unayoomba. Bajeti yako isiitegemee.

Sisi ni Waislamu, hatujajaaliwa mtoto. Tufanye kafala au tumuasili? (Msomaji, Lamu)

Sheria ya 2022 inaitambua kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto usiyemzaa, jambo ambalo ile ya 2001 haikulifanya. Katika kafala mtoto hubaki na jina na nasaba ya babake, na hawarithi ninyi kama mtoto wa kuzaa, ingawa mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Kuasili humfanya wenu kisheria kana kwamba mmemzaa. Huko masharti ni mengi, miongoni mwake mtoto awe ametimiza angalau wiki sita, na athibitishwe kwamba anaweza kuasiliwa.

Suala la mahramu, yaani jamaa wasioweza kuoana, lifikirieni mapema. Mtoto akinyonyeshwa na mama mlezi, au na dada ya mama huyo kwa mtoto wa kiume na dada ya baba mlezi kwa mtoto wa kike, kabla ya kutimiza miaka miwili, mara tano kamili kwa madhehebu ya Shafii, udugu wa kunyonya hupatikana na stara nyumbani huwa nyepesi akibaleghe. Muulizeni kadhi kuhusu hayo, lakini mtoto apitie kwa afisa wa watoto. Makubaliano ya mdomo na mama aliyejifungua hospitalini yamewatia wengi kwenye kesi ya ulanguzi wa watoto.

Nikiokota mtoto mchanga nimpeleke makao ya karibu? (Msomaji, Thika)

Hapana. Mpeleke hospitali, ripoti kituo cha polisi na usiondoke bila nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), kisha piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, usiku na mchana. Bila nambari ya OB polisi hawawezi baadaye kuandika barua kwamba walimtafuta mzazi wakamkosa, na mtoto asiye na barua hiyo hukwama kwenye makao miaka, familia za kumchukua zikiwepo.