Kwa mnaoanza utafiti wa rangi za nguo na mimea ya majini

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Arusha, karibu kila mwaka wazo la kwanza huwa lilelile: chukua Lemna, ile mimea midogo inayotanda juu ya mabwawa ya samaki, iweke kwenye maji yenye rangi, subiri wiki moja, kisha hesabu iliyobaki. Mimea itadhoofika, hilo halina ubishi. Kazi ni kuonyesha kilichoidhoofisha.

Maji ya rangi hayabebi rangi peke yake. Kabla hujaagiza kemikali yoyote, kaombe kukaa na akina mama wanaotengeneza batiki, uangalie ndoo zao. Rangi za vati, wanazotumia, haziyeyuki zenyewe kwenye maji. Huchanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti ndipo ziingie kwenye uzi, na kitambaa kikishatolewa, hewa huzirudishia rangi yake. Kinachobaki kwenye ndoo na kumwagwa mtaroni ni maji yenye kostiki kali, pamoja na kemikali inayomaliza oksijeni. Viwandani, pamba ikitiwa rangi za riaktivu (zinazoungana kikemia na uzi), chumvi huweza kufika gramu 50 hadi 80 kwa lita kwa rangi nzito, na magadi hupandisha pH hadi 10 au 11. Mmea uliozoea maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hautamudu hali hiyo hata kusipokuwa na tone la rangi. Kwa hiyo andaa chombo cha pili chenye chumvi ileile, pH ileile, kila kitu kilekile isipokuwa rangi. Bila chombo hicho, neno "rangi" kwenye kichwa cha tasnifu yako halina wa kulitetea.

Halafu kuna kivuli. Rangi hukata mwanga kabla haijamgusa mtu wala mmea. Lemna inaelea, kwa hiyo hupata mwanga wake kutoka juu na haisumbuki sana. Ceratophyllum inayoishi chini ya maji ndiyo hukosa mwanga wa usanisinuru. Kutenganisha kivuli na sumu hakuhitaji mashine. Weka mmea kwenye maji safi, zungushia karatasi nyeusi ubavuni, kisha juu yake tundika bakuli la kioo lenye maji ya rangi. Mwanga unapita kwenye rangi, rangi haiugusi mmea. Ukuaji ukipungua hapo, hicho ni kivuli. Upungufu unaoongezeka unapouzamisha mmea ndani ya rangi yenyewe, hapo ndipo uanze kuzungumzia sumu. Ningependa kuona jaribio hili kwenye kila pendekezo la utafiti, maana ni rahisi na bado wengi wanaliruka.

Sehemu inayowaponza wengi ni kipimo cha klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Unasaga majani kwenye asetoni ya asilimia 80, unaweka kwenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga unaofyonzwa), unasoma kwenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 663 na 645. Sasa fikiria rangi uliyotumia ni methilini bluu. Rangi hiyo hufyonza mwanga zaidi karibu na nanomita 664, yaani palepale unaposomea klorofili a, aina kuu ya klorofili. Ikiwa imenata kwenye mizizi na majani, mashine itaihesabu kama klorofili, na jedwali lako litaonyesha mmea unaonawiri kadiri unavyotiwa sumu. Ukiona hivyo usishangilie. Suuza mimea, kata mizizi, na usisome namba mbili tu: chora mkondo wote wa mwanga unaofyonzwa kuanzia nanomita 400 hadi 700, uulinganishe na mkondo wa rangi yenyewe ndani ya asetoni. Kama kuna mashine ya kupima mng'ao wa klorofili, itumie pia. Jani lenye afya likikaa gizani nusu saa hutoa Fv/Fm (uwiano unaoonyesha ufanisi wa kutumia mwanga) ya karibu 0.83, na kushuka kwake kunakueleza kuwa mfumo wa pili wa usanisinuru, sehemu ya seli inayopokea mwanga, umeguswa. Tahadhari ni ileile kwa malondialdehaidi, kipimo cha mafuta ya utando wa seli yaliyoharibiwa na oksijeni kali. Husomwa kwenye nanomita 532, na rangi nyingi nyekundu hufyonza mwanga jirani na hapo. Andaa sampuli ileile bila asidi ya thiobarbituriki, kemikali inayotumika kwenye kipimo hiki, kisha toa usomaji wake kwenye usomaji wa sampuli yako.

Maji ya lishe, yaani yenye virutubisho vya kukuzia mimea, tengeneza kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru, na mengi yana floridi na baikaboneti za kutosha kuvuruga majibu yako. Kwa Lemna fuata mwongozo namba 221 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo): siku 7, na majani ya kundi lisilotiwa kitu lazima yaongezeke maradufu ndani ya siku 2.5, yaani karibu mara saba kwa wiki. Yasipofika hapo, rudia jaribio lote.

Ukishuka Mto Themi kuchukua maji, anzia juu ya mji, kisha chini yake kwenye bustani za mboga, kabla mto haujaingia Mto Kikuletwa. Rudi saa tofauti za siku, usiku ukiweza, kwa kuwa maji ya kiwandani hayatoki kwa kiwango kimoja saa zote.

Na ukikuta maji yamepoteza rangi ndani ya chombo chako, usiandike kwamba mmea umeyasafisha. Huenda rangi imehamia kwenye mizizi tu. Iloweke mizizi kwenye ethanoli uone kama rangi inatoka. Huenda pia rangi ya azo, aina ya rangi yenye naitrojeni mbili zilizoungana, imevunjwa kwenye tope lisilo na oksijeni, pale kiungo hicho kinapokatika na kuacha amini za aromatiki. Hizo hazionekani kwa macho, na baadhi yake, kama benzidini, husababisha saratani. Panga kuzipima tangu mwanzo, kwa sababu sampuli ikishakaa wiki kadhaa kwenye friji, hutajua tena kilichokuwamo.