Kabla ya Kununua Mfuko wa "Kijani", Fungua Orodha ya Kampuni Zilizomo

Mfuko wa kwanza wa uwekezaji niliojiunga nao kwa ajili ya mazingira niliuchagua kwa jina. Uliitwa wa kijani, na kipeperushi chake kilikuwa na picha ya jani. Nikanunua vipande, nikatulia. Miaka miwili baadaye nilifungua ripoti ya mwaka, nikafika kwenye jedwali la kampuni kumi zilizobeba fedha nyingi zaidi za mfuko. Mstari wa saba ulikuwa kampuni ya mafuta. Nilidhani nimekosea ukurasa.

Nikapiga simu. Aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba mfuko huchagua kampuni bora katika kila sekta, na hiyo ilikuwa imewapita wenzake wa mafuta. Maelezo hayo yalikuwemo tangu mwanzo kwenye waraka wa matarajio, ule unaoeleza jinsi mfuko unavyowekeza. Mimi ndiye sikuusoma. Iliniuma sana, maana ile ni akiba ya miaka.

Tangu hapo naanza na orodha ya kampuni zilizomo, yote, si zile kumi tu. Mfuko usiotaka kuionyesha naachana nao.

Alama za mazingira, jamii na utawala, zile za ESG ambazo wapimaji huzipa kampuni, zisikupumbaze. Nyingi hupima jinsi mabadiliko ya mazingira yanavyoweza kuitia kampuni hasara. Madhara ambayo kampuni yenyewe inayafanyia mazingira ni habari nyingine kabisa. Tena alama hizo hutegemea sana taarifa zinazotolewa na kampuni. Septemba 2015 Volkswagen ilikuwa kinara wa sekta ya magari kwenye faharasa ya uendelevu ya Dow Jones, orodha ya kampuni zinazohesabiwa kufanya vizuri kwa mazingira na jamii. Mwezi huohuo ikafichuka kwamba magari yake ya dizeli yaliwekewa programu ya kudanganya vipimo vya moshi, ikaondolewa.

Ukisoma ripoti ya kampuni, tafuta hesabu ya gesi joto, zile zinazoongeza joto la dunia. Hugawanywa mafungu matatu: inayotoka kwenye shughuli zake yenyewe, ya umeme inaonunua, na ya mnyororo mzima wa biashara yake, ikiwemo inayotoka wateja wanapotumia bidhaa. Kwa kampuni ya mafuta, fungu la tatu ndilo kubwa kupita yote, kwa sababu mafuta huchomwa na mnunuzi. Ahadi ya kupunguza gesi joto inayogusa mafungu mawili ya kwanza peke yake haijagusa kiini.

Hatifungani za kijani, yaani hati za kukopesha fedha kwa miradi ya mazingira, nazipenda zaidi. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa ya namna hiyo mwaka 2007, Benki ya Dunia ikafuata mwaka 2008. Mtoaji hutaja miradi itakayopata fedha, na anatarajiwa kuripoti zilivyotumika. Soma ripoti ya mwaka uliopita kabla ya kununua.

Hisa ni tofauti. Ukizinunua sokoni, fedha zako kwa kawaida humwendea aliyekuuzia, si kampuni. Nguvu yako iko kwenye kura ya mkutano mkuu wa wanahisa, na ukiwa ndani ya mfuko, meneja ndiye anayekupigia kura hiyo. Muulize anapigaje.

Mfuko niliomo sasa huchapisha kura zake. Nilikaa nazo jioni moja na kalamu, nikiwekea alama kila azimio la gesi joto waliloliunga mkono. Zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia. Nimewaandikia kuuliza sababu, na bado nangoja jibu.