Njia ya moshi kutoka upande: anza na gogo lenyewe

Ndugu, nimekuelewa: unachonga viko vya kuvutia tumbaku kwa mkono, na tundu la moshi linatokea ubavuni mwa shimo la tumbaku badala ya kutokea chini katikati. Kiko cha namna hiyo huvuta kwa shida na huacha tumbaku mbichi chini.

Usianze kuchonga umbo. Toboa kwanza, gogo likiwa bado la mraba, na hakikisha kwa guni, yaani kipimapembe cha seremala, kwamba nyuso zake zimenyooka. Kisha chora ubavuni mwa gogo mashimo yote mawili kwa ukubwa wake halisi: shimo la tumbaku kama milimita 20, njia ya moshi milimita 3.5 hadi 4. Mchoro huo ndio utakaokuonyesha pembe na kina, nao mimi siuruki hata kwa gogo la bei rahisi.

Biti (ncha ya kutobolea) ndefu nyembamba hupinda ikifuata nyuzi za mbao. Anza na fupi, kisha ingiza ndefu kwenye tundu hilohilo, bila kusukuma kwa nguvu, ukiitoa mara kwa mara kuondoa unga. Funga utepe kwenye biti uwe alama ya kina.

Kekee ya kushika mkononi haitakupa unyoofu wa kutosha. Kama huna mashine ya kutobolea ya mezani, mlipe fundi seremala mwenye nayo akutobolee.

Gogo libanwe kwenye jiliwa (kibanio cha fundi), lisishikwe kwa mkono. Glavu vua, zinanaswa na biti. Barakoa vaa; ukitumia mpingo, vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na kikohozi kisichoisha kipeleke kwa daktari.